Tuwapeleke Wapi Watoto? Historia ya Matembezi ya Familia Visiwani Mwetu



Masika yameshapita, kusi inavuma, na kipupwe kimeingia. Huu ndio msimu ambao mtu anaweza kutembea mchana Unguja na Pemba bila ya kuungua na jua. Skuli zimefungwa na watoto wako nyumbani kutwa. Sisi mafundi tunalijua hilo mapema, kwa sababu mama anayekuja kupimwa gauni siku hizi huja na watatu nyuma yake, mmoja anazungusha gurudumu la cherehani na mwengine anaokota vifungo chini. Na swali lao ni moja: "Tuwapeleke wapi hawa?"

Mabibi harusi nao wana lao. Wanapanga fungate na wanauliza pa kwenda na mume, pahala pa heshima, pasipomaliza akiba yote ya harusi. Tunawaambia kuwa swali lao na la yule mama ni moja. Leo mnatembea wawili, kesho inshaallah mtatembea na kapu, mkeka na watoto.

Safari hii tumeona tulijibu kwa historia. Waliotutangulia walikwenda wapi na watoto wao? Walivaa nini, walibeba nini, na nani aliyewapangia? Tukiangalia nyuma tunaona kwamba matembezi ya watoto visiwani mwetu yaliendeshwa na wanawake. Walishona nguo, wakapika chakula, wakabeba mkeka, na wakenda pahala ambapo kila mtu aliweza kufika. Pahala pa aina hiyo panapungua. Ndiyo maana tunataka tuikumbuke habari hii sasa, kabla watoto wetu hawajaamini kwamba starehe ni kitu cha kununua tu.

Furaha ina nafasi katika dini

Kwanza tuondoe dhana kwamba mwanamke wa heshima hatembei na kwamba mchezo ni upuuzi. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba siku ya Idi Wahabeshi walikuwa wakicheza na mikuki yao msikitini Madina, na Mtume (S.A.W.) akamsitiri Bi Aisha nyuma yake ili atazame mpaka mwenyewe achoke. Imepokewa pia kwamba walishindana mbio safarini. Mara ya kwanza Bi Aisha alimshinda, na baadaye, mwili wake ulipokuwa umenenepa, Mtume akamshinda yeye, akamwambia kwa mzaha kwamba sasa wamelipana.

Bibi harusi, tafadhali msomee mumeo habari hizo. Mume anayetembea na mkewe na kucheza naye hajapunguza heshima yake hata kidogo.

Mtoni: bustani ya wachache

Mwanamke wa kwetu aliyetuandikia habari nyingi za utoto wa zamani ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji. Aliondoka Unguja mwaka 1866, na kitabu cha maisha yake kikachapishwa Ujerumani mwaka 1886.

Anaeleza ua mkubwa wa Mtoni uliojaa paa, tausi, mbuni na mabata wakizunguka huru, na watoto wa jumba wakikua katikati ya wanyama hao. Anaeleza pia wanawake walivyohangaika kabla ya Idi: vitambaa, mapambo, hina, na nguo mpya kwa siku zote tatu za sikukuu. Sisi mafundi tukisoma hapo tunacheka. Karibu miaka mia mbili imepita na kumi la mwisho la Ramadhani bado ni lile lile, hakuna anayelala.

Familia zenye nafasi zilikuwa na desturi ya kwenda shamba. Kidichi, juu ya kilima, bado pana hamamu aliyoijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Bibi Shahrazad. Ndani kuta zimepambwa kwa chokaa iliyochongwa maua na ndege. Ukimpeleka mtoto pale leo atauliza maji yalipandaje huko juu, na hapo ndipo somo la historia linapoanza.

Lakini tuseme ukweli wote. Matembezi ya Mtoni na Kidichi yalikuwa ya wachache. Waliobeba makapu, waliofua nguo na waliochuma karafuu katika mashamba hayo hayo walikuwa watumwa, na wao walikuwa na watoto pia. Hata nguo zao ziliwatambulisha. Mwanamke mtumwa alivaa merikani au kaniki, na hakuwa na ruhusa ya kujifunika kichwa kama bibi yake. Mwanamke Muislamu asiyeruhusiwa kujisitiri! Tukilitafakari hilo tutaelewa vizuri kilichofuata.

Mnazi Mmoja: sikukuu ya kila mtu

Utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897. Masuria hawakuingizwa katika amri ile ya kwanza, wao walisubiri mpaka mwaka 1909. Katika miaka hiyo watu wengi walihamia Ng'ambo, ule upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe, wakajenga nyumba zao na kuanza maisha ambayo hakuna bwana aliyewapangia.

Jambo la mapema walilolifanya wanawake hawa ni kubadilisha nguo. Waliiacha kaniki, wakavaa kanga. Inasimuliwa kwamba kanga ilianza na leso za kizungu zilizouzwa kwa mtando. Wanawake walinunua sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata kipande kimoja kikubwa. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuchapisha vipande vizima, na maneno ya Kiswahili yakaingia, mwanzo kwa herufi za Kiarabu na halafu za Kirumi. Na mwanzoni mwa karne ya 20 likaenea buibui. Leo tunaliona kama vazi la kawaida tu, lakini kwa mwanamke ambaye mama yake alikatazwa kujifunika, kuvaa buibui lilikuwa tangazo: na mimi ni mwanamke huru, ni Muislamu, nina haki ya kutoka kwangu na kupita njiani kwa heshima.

Na alitoka kwenda wapi? Mnazi Mmoja. Uwanja ule uko kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, na ulikuwa ndio pahala pa sikukuu. Idi ikifika, watu wa pande zote mbili walikutana pale, na wanawake walijitokeza na kanga za toleo jipya kabisa. Bibi zetu wanasimulia jinsi walivyoshikwa mkono wakiwa wadogo, nguo mpya zinawasha kwa wanga, viatu vinabana, na senti za mkono wa Idi zimefungwa kwenye pindo la leso zisipotee. Walikuwepo wauza kashata, wauza ubuyu, wauza vidude vya watoto, na pembea za mbao.

Tajiri na maskini walisimama kwenye uwanja mmoja, na mtoto wa mchukuzi na mtoto wa karani walipanga foleni moja ya pembea. Haukuwa na tiketi ya mlangoni kwa sababu haukuwa na mlango.

Treni, sinema na bustani ya forodha

Mji nao ulizidi kupata mambo. Mwaka 1905 ilianza reli ya kutoka mjini karibu na Ngome Kongwe mpaka Bububu, kiasi cha maili 7, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani. Ilipita katika njia nyembamba karibu kabisa na milango ya watu, halafu ikatoka nje kwenye minazi. Kwa mtoto wa mjini Bububu ilikuwa safari ya mbali. Ilipofika miaka ya 1920 magari yaliipiku treni ile, na hatimaye reli ikang'olewa. Gari za mbao, zile tulizoziita chai maharage, zikawa ndizo zinazopeleka familia shamba, watu wamekaa kwenye mabao ubavuni na vikapu viko kati ya miguu.

Mwaka 1921 likajengwa jumba la sinema la Royal, lililochorwa na Mwingereza J. H. Sinclair. Picha za Kihindi zilipendwa sana miaka iliyofuata. Kilichotufurahisha tulipofuatilia habari hizi ni kwamba wenye majumba ya sinema waliweka maonyesho ya wanawake watupu, yaliyoitwa zanana. Wanawake walikuja na watoto wao na mashoga zao, wakavua mabuibui ndani, wakalia na kucheka bila ya kuangaliwa na mwanamme. Mfanyabiashara aliyetaka pesa ya mwanamke wa kisiwani alijua lazima amtengenezee pahala pa sitara. Hilo tunalirejea hapa chini.

Sinclair huyo huyo ndiye aliyechora jumba jeupe lenye kuba pale Mnazi Mmoja, Beit el Amani, lililofunguliwa mwaka 1925 kuwa makumbusho na ukumbusho wa amani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Vizazi vingi vya watoto wa skuli vilipelekwa pale. Ukiwauliza watu wazima leo wanakumbuka nini, wengi hawatakutajia kitu cha ndani ya jumba. Watakutajia makobe wakubwa wa bustanini. Makobe hawa wakubwa asili yao si ya kwetu. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alituletea wanne, wakawekwa kisiwa cha Changuu, wakazaliana. Changuu yenyewe ilijengewa gereza mwaka 1893, lakini wafungwa hawakuwekwa, ikatumika kuwa karantini ya wasafiri wenye maradhi. Kisiwa cha huzuni kikawa kisiwa cha kupeleka watoto.

Na Forodhani. Jina lenyewe linakwambia palikuwa pahala pa forodha, pa kupokelea na kutozea ushuru mizigo ya bandari. Shughuli za bandari zilipohamia Malindi katika miaka ya 1920, eneo lile la mbele ya Beit el Ajaib na Ngome Kongwe likabaki wazi. Katikati ya miaka ya 1930 likapandwa majani na miti, likawa bustani ya Jubilee, wakati wa sherehe za miaka 25 ya Sultan Khalifa bin Harub, aliyekaa kitini mwaka 1911. Watu hawakulishika sana jina hilo, waliendelea kusema Forodhani.

Mpaka leo jioni zake ni zile zile kwa mpangilio. Baada ya Alasiri vijana wa kiume wanaruka baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwengine, wengine wanapinduka hewani. Magharibi ikikaribia, moto wa mishikaki unawashwa. Baada ya sala zinajaa familia: urojo, mhogo wa kuchoma, pweza, maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Mama anakaa juu ya ukuta na mtoto mchanga, wakubwa wanakimbizana kwenye majani. Ukiwa na pesa kidogo utakula kitu, na usipokuwa nazo utapunga upepo, na hakuna atakayekuuliza.

Makunduchi na Pemba

Tusije tukafikiri kwamba matembezi ni ya mjini tu. Kusini Unguja, Makunduchi, kila mwezi wa Julai kuna Mwaka Kogwa. Ni mwaka mpya wa hesabu ya jua yenye asili ya Nairuzi ya Waajemi, ambayo mababu zetu waliitumia kujua siku za kupanda na za kusafiri baharini, wakihesabu kwa miongo ya siku kumi kumi. Wanaume wanapigana kwa vigogo vya migomba mpaka hasira za mwaka mzima ziishe, kibanda cha makuti kinachomwa moto, na wanawake wanapita kwa nyimbo wamevaa nguo mpya. Wapo wenye elimu ya dini wanaoonya juu ya baadhi ya mambo yanayofanywa pale, na kila familia iulize mashekhe wake. Lakini ipo desturi moja ambayo hakuna anayebishana nayo: siku ile ni lazima nyumba ipate mgeni. Nyumba isiyofikiwa na mgeni huonekana haina bahati. Familia za mjini zilipakiana kwenye gari, zikenda Makunduchi bila ya mwaliko, na zikalishwa.

Pemba nako wana mchezo wa ng'ombe, ambao wengi wanauhusisha na Wareno waliokuwepo pwani hii zamani. Fahali hachinjwi wala hachomwi mkuki, anachezwa tu, na kijiji kizima kinatoka kuangalia. Na msimu wa karafuu ulikuwa na matembezi yake ya aina nyingine. Wanawake na watoto walikaa jamvini jioni kuchambua, karafuu upande huu na makonyo upande ule, na hadithi za sungura na fisi zikatolewa hapo. Ilikuwa kazi, na waliofanya wanakwambia vidole viliuma. Lakini ukiwauliza utoto wao ulikuwa wapi, wanakujibu: jamvini.

Halafu kuna Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba. Masimulizi ya wazee ni kwamba Nabii Khidhri alitokea pale akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa hiki chenyewe kitakuwa msala, kwa kuwa kimeelekea kibla. Mwaka 1998 Misali ikawa eneo la hifadhi, na katika kuwaelimisha wavuvi wasitumie baruti wala kuvunja matumbawe, mafundisho ya Kiislamu ya uangalizi wa viumbe yalitumika. Tunawapenda watoto wasikie habari hii wakiwa wamesimama kwenye mchanga wake. Watajua kwamba kutupa chupa ya plastiki baharini ni sawa na kuchafua msala.

Baada ya Mapinduzi

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadilisha mengi, na mambo mengine ya zama zile bado yanaumiza nyoyo za familia nyingi, sisi hatuna uwezo wa kuyamaliza hapa. Kwa upande wa watoto, dhana iliyoshikwa ni kwamba starehe ni haki ya umma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ikapata televisheni ya rangi kabla ya Tanzania Bara kuwa na televisheni yoyote, na watu waliangalia kwa pamoja katika sehemu za umma, kila mtu na kigoda chake.

Vikawepo pia viwanja vya kufurahishia watoto, Kariakoo kwa Unguja na Tibirinzi kwa Chake Chake. Kila aliyekulia visiwani anajua maana ya kusema "tunakwenda Kariakoo" siku ya Idi pili. Sisi tuliozaliwa miaka ya 1980 tulishonewa nguo za sikukuu kwa kitambaa kimoja, ndugu wote sare, wa kiume shati na wa kike gauni, kwa sababu mama alinunua mtando mmoja na fundi akaupigia hesabu. Wakati ule tuliona haya. Sasa tunajua ilikuwa busara: mtoto akipotea kwenye umati, unamwonyesha mtu nguo ya ndugu yake na unasema, "Kavaa kama hivi."

Pwani ya leo

Utalii ulianza kukua katika miaka ya 1980, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Tumefaidika, hatukatai. Wengi wa wateja wetu wanafanya kazi kwenye sekta hiyo, na sisi wenyewe tunauza mapochi na magauni kwa wageni. Forodhani nayo, iliyokuwa imechakaa, ilitengenezwa upya na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009, na ikabaki wazi kwa watu wote. Huo ni mfano mzuri wa kuigwa.

Lakini pwani nyengine zimebadilika. Mwaka juzi tulikwenda pwani ya mashariki wanawake saba na watoto kumi na moja. Mlinzi wa hoteli moja alitusimamisha kwenye njia ya kushukia baharini na kutuuliza tunakwenda kwa nani. Tulimwambia tunakwenda kwa bahari. Akasema njia hiyo ni ya wageni wa hoteli, tuzunguke. Tulizunguka zaidi ya nusu saa juani na watoto na sufuria la pilau. Tulipofika hapakuwa na pahala pa kubadilisha nguo wala pa kusalia Adhuhuri, na mwanamke aliyejisitiri alionekana kama kapotea njia.

Mwanamke wa mwaka 1920 aliyevaa buibui ili apate kutoka, tumwambie nini? Kwamba vilembwe wake wana mabaibui ya kila aina, ila wa kwenda nayo baharini wanaulizwa "kwa nani?" Wenye sinema zamani waliona faida ya kumwekea mwanamke muda wake. Mwenye hoteli wa leo naye anaweza. Asubuhi moja ya wiki kwa wanawake na watoto, chumba kimoja cha kubadilishia, msala mmoja pembeni. Wapo wanaofanya na wanajaza. Tuwaendee hao kwa pesa zetu, na kwa wengine tuombe kwa adabu, kwa barua, kupitia kwa masheha wetu. Njia ya kushukia baharini ya kijiji nayo ikiwa inataka kuzibwa, mkutano wa shehia ndio pahala pa kusema, na wanawake wakae mbele.

Bahari si ya kuangalia tu

Lipo jambo moja zito zaidi. Wale vijana wanaoruka Forodhani jioni wote ni wa kiume. Wasichana wetu wengi wamekulia kisiwani na hawajui kuogelea. Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakafa. Wengi walikuwa wanarudi makwao na watoto wao baada ya sikukuu. Julai 2012 ikazama Skagit karibu na Chumbe, siku chache tu kabla ya Ramadhani. Hakuna mtaa ambao haukupeleka maiti. Allah awarehemu wote.

Hatusemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Lakini mtoto anayejua kuelea ana nafasi ambayo asiyejua hana. Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za sitara kamili, na wazazi waliokuwa na wasiwasi wakaona kwamba inawezekana. Kwa ufundi wetu tunasema hivi: usimwingize mtoto majini na baibui au dera la mita nyingi. Pamba inakunywa maji, inakuwa nzito na kuzonga miguu. Mshonee suruali na kanzu fupi ya magotini kwa kitambaa chepesi cha kuvutika, rangi ya kiza, mikono iwe na lastiki, na kofia ya kichwa iliyoungwa na nguo ili isivuke. Ni mita mbili tu kwa msichana wa miaka kumi. Nguo ile ile itamfaa kwa mchezo wa skuli.

Basi likizo hii

Kwa mjini, anzeni asubuhi Changuu kwa makobe, mkijikusanya familia tatu ili mgawane gharama ya boti, na mhakikishe kila mtoto ana jaketi la kuokolea kabla hamjaondoka ufukweni. Jioni malizieni Forodhani. Siku nyengine nendeni Mtoni na Kidichi, mkawaonyeshe lilipokuwa jumba na hamamu, na muwaambie pia habari za waliobeba maji. Julai wapelekeni Makunduchi kama mna jamaa, na kama hamna, mtapata huko huko. Wa Pemba wana Misali, msitu wa Ngezi na mchanga wa Vumawimbi. Na siku ambayo hakuna nauli, tandikeni mkeka uwanjani, muwafundishe nage, kibe na kutengeneza tiara. Bibi awepo, asimulie.

Kwa wewe bibi harusi, kwenye vitu vyako vya nyumba mpya weka mkeka mmoja mkubwa wa kutembelea, chupa ya chai isiyovuja na kapu lenye kifuniko. Tunasema hili bila ya mzaha. Tumewashonea mabibi harusi wengi nguo za siku moja za bei kubwa, na mara nyingi aliyerudi kwetu baadaye akiwa na raha usoni ni yule ambaye yeye na mumewe walijiwekea siku yao ya kutoka. Zungumzeni kabla ya nikaha: Jumapili ya familia itakuwepo? Watoto wa kike watajifunza kuogelea? Sikukuu tutakwenda uwanjani na watu? Haya ni ya kukubaliana mapema kama mnavyokubaliana mahari.

Na tukifika huko tulikokwenda, tusale kwa wakati, tuokote taka zetu, tugawe chakula kwa wa pembeni. Uwanja na pwani vinabaki vya watu wote pale watu wanapovitumia na kuvitunza. Tusipokwenda, siku moja tutaambiwa havikuwa vyetu.

Allah atuhifadhie watoto wetu nchi kavu na baharini, awape mabibi harusi wetu nyumba za utulivu na mapenzi, na awarehemu bibi zetu waliotushika mkono kwenda Mnazi Mmoja. Aamin.